Kuifungua Injini ya Toyota 5A-FE Nyumbani kwa Ajili ya Kuijenga Upya

Injini ya 5A-FE, yenye silinda nne, valvu 16 na ujazo wa sentimita za ujazo 1,498, imo katika Corolla nyingi za miaka ya 1990 zilizoingia Afrika Mashariki zikiwa zimeshatumika Japani, na pia katika ndugu zake Sprinter na Carina. Spea zake hupatikana Kariakoo na Gerezani jijini Dar es Salaam, na pia Kirinyaga Road jijini Nairobi, na umbo lake si gumu, kwa hiyo inamfaa mtu anayetaka kujenga injini kwa mara ya kwanza nyumbani kwake. Mwongozo huu unahusu kuifungua tu, tangu ikiwa ndani ya gari hadi bloku, yaani mwili wa injini wenye silinda, ibaki tupu.

Watu wengi huanza kwa kununua seti ya ringi, metali (beringi nyembamba za nusu duara) na gasketi, kisha ndipo hufungua injini. Utaratibu huo unapoteza fedha. Injini ya umri huu huenda imeshafunguliwa zamani na mafundi usiowajua, na ndani yake mnaweza kuwa na pistoni za ovasaizi (kubwa kuliko za asili), krenki (shafti inayozungushwa na pistoni) iliyokwisha kuchongwa, au bloku ambayo haifai tena. Kufungua ni uchunguzi: kila kipande kinachotoka kinaeleza jambo, mradi kitazamwe kabla ya kuoshwa, kipimwe na kuandikwa. Orodha ya manunuzi hutoka katika vipimo hivyo, na wakati mwingine vipimo hivyohivyo ndivyo vinavyokwambia uachane na injini hiyo utafute nyingine.

Kabla ya kulegeza bolti yoyote

Ikiwa injini bado inawaka, ipime kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya silinda, ikiwa na joto la kawaida. Toa plagi zote nne, chomoa waya za distribyuta na soketi za nozeli ili kusiwe na cheche wala petroli, kanyaga mafuta hadi mwisho, kisha piga stata mpaka geji isipande tena. Katika injini za familia hii kipimo cha chini kinachokubalika ni takriban psi 142, na tofauti kati ya silinda na silinda isizidi psi 14. Silinda iliyo chini itilie kijiko kimoja cha oili kupitia tundu la plagi, upime tena. Kipimo kikipanda, ringi au ukuta wa silinda umechoka. Kikibaki palepale, tazamia ubovu kwenye valvu. Na silinda mbili zinazopakana zikiwa chini kwa pamoja, gasketi ya silinda hedi (sehemu ya juu ya injini inayobeba valvu) huwa imeungua katikati yake.

Injini uliyoinunua ikiwa nje ya gari haiwezi kupimwa hivyo kwa urahisi, lakini angalau izungushe kwa mkono kwa kutumia soketi kwenye bolti ya puli ya krenki. Ikigoma kabisa, au ikizunguka nusu kisha ikagota, usilazimishe. Tia oili kidogo katika kila tundu la plagi na uiache ilale.

Mahali na vifaa

Sakafu ya saruji iliyo chini ya paa inatosha. Sakafu ya mchanga haifai, kwa kuwa jeki na stendi huzama na vumbi huingia kila mahali. Soketi na spana za 10, 12, 14, 17 na 19 ndizo zitakazofanya sehemu kubwa ya kazi. Ongeza spana ya torki, fila geji (vibamba vyembamba vya kupimia mianya), rula ya chuma iliyonyooka kikamilifu, kibanio cha springi za valvu, na soketi inayoingia vizuri kwenye vichwa vya bolti za silinda hedi. Mikromita na geji ya kupimia ndani ya silinda ni ghali, na kwa injini moja si lazima uvinunue, kwa sababu karakana za kuchonga huvimiliki na hupima kwa malipo madogo.

Vyombo vya kuhifadhia ni muhimu kama spana. Tafuta mifuko ya plastiki yenye zipu, kalamu isiyofutika, masanduku, na trei kadhaa za mayai ambazo zitatunza valvu, vikombe vyake na vijisahani vya kurekebishia nafasi kwa mpangilio wake. Piga picha za simu kila hatua, lakini usizitegemee peke yake: picha huonyesha waya ulikokuwa, haionyeshi bolti ipi ilikuwa fupi. Daftari ndilo litakalokusaidia baada ya miezi mitatu ya kusubiri spea.

Kuishusha injini

Anza kwa kuchomoa waya wa hasi wa betri. Kama gari lina kiyoyozi, ama ifungue kompresa na kuiweka pembeni bila kuchomoa mabomba yake, ama mpelekee fundi wa kiyoyozi aivute gesi kwanza. Kuifungulia hewani kunaharibu mazingira na kunaweza kukuunguza ngozi kwa baridi. Punguza shinikizo la petroli kabla ya kulegeza bomba la mafuta, na usiruhusu mtu yeyote avute sigara karibu.

Kuna jambo moja la kufanya wakati injini ingali ndani ya gari, nalo huokoa usumbufu mkubwa baadaye. Bolti ya puli ya krenki imekazwa sana. Kama gari lina gia za kawaida, weka gia ya juu, msaidizi akanyage breki kwa nguvu, nawe uilegeze bolti hiyo kidogo tu. Usitumie mbinu ya kuegemeza spana kwenye fremu kisha kupiga stata. Spana ikichomoka huvunja mkono.

Mwaga maji ya radieta, kisha oili, katika makarai mawili tofauti yaliyo safi. Oili usiitupe mara moja. Iangalie kwenye mwanga: rangi ya maziwa ina maana kuwa maji yameingia, na chembe zinazometameta ni za vipande vinavyolika ndani ya injini. Pitisha sumaku ndani yake, kwa kuwa chembe zinazonaswa ni za chuma, na zile za rangi ya shaba au fedha zisizonaswa kwa kawaida hutoka kwenye metali za krenki au kwenye pistoni. Filta ya oili nayo ikate kwa msumeno uitandaze karatasi yake. Ukishamaliza, oili hiyo ifungie katika dumu na uipeleke kwa wanaokusanya oili chafu. Isimwagwe mtaroni wala kwenye udongo.

Katika Corolla injini na gia boksi hulala kwa upana wa gari, na njia nyepesi ni kuvitoa vyote kwa pamoja kwa juu, kisha kuvitenganisha chini. Cheni bloku iwe ya tani moja au zaidi na itundikwe kwenye chuma kilichojengwa kwa kazi hiyo. Tawi la mwembe limeshatumika uani mwa watu wengi, lakini tawi halitoi onyo kabla ya kukatika, na mzigo huu unazidi kilo mia moja. Mtu asiingize mkono wala mguu chini ya injini inayoning'inia, hata kwa dakika moja ya kuokota nati iliyoanguka. Ikiwa gia boksi ni ya otomatiki, kwanza fungua bolti zinazoshika toki konveta (kiungo cha mafuta kati ya injini na gia boksi) kwenye bamba la flaiwili, ili konveta ibaki upande wa gia boksi.

Vitu vya nje na taimingi

Ikishakaa kwenye stendi, iondolee altaneta, stata, menifodi ya ekzosi, menifodi ya hewa pamoja na reli ya nozeli, wota pampu na distribyuta. Hapa hakuna siri kubwa. Kila soketi ya waya ipewe kibandiko chenye jina la mahali ilipotoka, na bolti za kila kifaa zirudishwe katika matundu yake au zitiwe katika mfuko wake. Distribyuta iwekee alama ya rangi inayovuka kutoka kwenye mwili wake hadi kwenye silinda hedi kabla ya kuilegeza.

Fungua kifuniko cha valvu, kisha zungusha krenki kulia, yaani kwa mwelekeo wa saa ukiitazama upande wa puli, hadi pistoni namba 1 ifike juu kabisa ikiwa valvu zake zote zimefungwa. Alama ya puli ya krenki itakaa kwenye sifuri, na kitobo cha puli ya kamshafti (shafti inayofungua valvu) kitaelekeana na alama iliyo kwenye kifuniko cha beringi. Piga picha. Hapo ndipo utoe puli ya krenki, vifuniko vya taimingi, tenshena na belti yenyewe. Belti hiyo haitarudi, lakini itazame: ikiwa imelowa oili, sili ya krenki au ya kamshafti inavuja, na ubovu huo uandikwe.

Kabla ya kugusa kamshafti, pima nafasi za valvu zote 16, yaani mwanya kati ya pua ya kamshafti na kijisahani cha kila valvu, kwa fila geji na uziandike kwa namba za silinda. Valvu ambayo haina nafasi kabisa huwa haifungi vizuri, na mara nyingi itaeleza kipimo kibaya cha kompresheni ulichokiona mwanzoni.

Kamshafti: mahali pa kwenda polepole

Hapa ndipo mafundi wa haraka huharibu silinda hedi nzima. Katika 5A-FE belti huzungusha kamshafti moja tu, nayo huizungusha ya pili kwa gia. Gia ya ile inayozungushwa imegawanyika sehemu mbili zinazosukumana kwa springi ili zisipige kelele. Kabla ya kutoa kamshafti hiyo, lazima ufunge sehemu hizo mbili kwa bolti ya milimita 6 yenye uzi wa milimita 1.0 na urefu wa milimita 16 hadi 20, ipitie katika tundu lililotengwa kwa kazi hiyo. Usipoifunga, springi itafyatuka na kuizungusha gia, na kurudisha kila kitu mahali pake kutakuwa kazi ya kubana kwa jiriwa ya mezani.

Jambo la pili ni kwamba kamshafti itoke ikiwa imelala sawasawa. Nafasi yake ya kusogea mbele na nyuma ni ndogo mno, na ikiinuka upande mmoja kabla ya mwingine, ukingo wa alumini unaoishika hupasuka. Kwa hiyo zungusha kamshafti kwanza hadi mahali ambapo pua zake hazisukumi vikombe vya valvu kwa nguvu upande mmoja, kisha legeza bolti za vifuniko vya beringi kidogo kidogo, kwa mizunguko mingi, ukianzia pembeni kuelekea katikati. Ukiona inainuka kwa mshazari, kaza tena uanze upya. Vifuniko vina namba na mishale inayoelekea mbele. Vipange kwenye meza kama vilivyokaa, wala usivichanganye, kwa kuwa kila kimoja kilitobolewa pamoja na silinda hedi hiyohiyo.

Vikombe na vijisahani vyake vitoe kwa sumaku na kuviweka kwenye trei ya mayai, upande wa hewa safu moja, upande wa ekzosi safu nyingine.

Silinda hedi

Silinda hedi hutolewa injini ikiwa baridi kabisa, kwa kuwa alumini yenye joto hupinda ikilegezwa. Bolti zake ni kumi, na zina urefu wa aina mbili kulingana na upande, kwa hiyo toboa matundu kumi kwenye kipande cha boksi la katoni uzichomeke humo kama zilivyokaa. Zilegeze kwa zamu, robo mzunguko kila moja, ukianzia pembe za nje na kumalizia katikati.

Hedi hukalia vijipini viwili na mara nyingi huganda. Igonge kwa nyundo ya mpira au ya mbao pembeni, au iinue kwenye sehemu iliyochomoza. Usiingize bisibisi kati ya hedi na bloku, kwa sababu mkwaruzo mmoja kwenye uso huo utapitisha maji au gesi.

Sasa soma kilicho mbele yako kabla ya kitambaa chochote kugusa. Pistoni yenye kaboni nyeusi kavu ni ya kawaida. Yenye kaboni nene yenye mafuta inaashiria oili inayopanda. Na iliyong'aa kana kwamba imeoshwa, wakati jirani zake ni nyeusi, imekuwa ikipata maji. Fuata gasketi kwa kidole upande wa silinda hiyo na utaona njia ya maji. Kisha safisha uso wa hedi kwa kikwaruzio kisicho cha chuma, weka rula ya chuma kwa urefu mara mbili, kwa upana mara mbili na kwa mshazari mara mbili, na ujaribu kupitisha fila geji chini yake. Mpindo ukizidi milimita 0.05 upande wa bloku, hedi inahitaji kuskimiwa, yaani kusawazishwa uso wake kwa mashine. Rula hiyohiyo iweke juu ya bloku pia. Kikomo chake ni kilekile.

Jaribio rahisi la valvu hufanyika kabla ya kuzitoa. Geuza hedi, rudisha plagi, jaza mafuta ya taa katika vyumba vya kuchomea, na usubiri dakika chache ukitazama njia za hewa na ekzosi. Mafuta yakichuruzika, valvu hiyo haifungi. Ndipo uzibane springi, utoe valvu moja moja, na kila moja ikae na namba yake.

Chini ya injini

Geuza bloku, fungua bolti za sampu (karai la oili la chini ya injini) na uikate gundi yake kwa bamba jembamba la chuma, polepole, ili ukingo usipinde. Angalia chujio la oili: vipande vya gundi ya zamani vilivyonaswa humo ni ushahidi kwamba aliyeifunga mara ya mwisho alipaka kupita kiasi, na huenda metali zimekosa oili kwa sababu hiyo.

Kabla ya kufungua konrodi, yaani mikono inayounga pistoni na krenki, papasa sehemu ya juu ya kila silinda kwa ukucha. Ukihisi ngazi mahali ringi ya juu inapokomea, iondoe kwanza kwa kifaa cha kukwangua ukingo huo, la sivyo ringi itagonga pale na kuvunja kingo za pistoni. Ngazi inayokwama ukucha tayari inakwambia kwamba silinda imelika, na kuna uwezekano mkubwa wa kutoboa upya.

Pima kwa fila geji nafasi ya konrodi kusogea pembeni kwenye krenki. Kikomo ni milimita 0.30. Hakikisha kila konrodi na kifuniko chake vina namba. Kama havina, piga alama ndogo ubavuni kwa tindo, vyote viwili upande mmoja. Toa kifuniko, vika misumari ya konrodi (bolti zake zilizochomoza) vipande vya mpira wa petroli ili isikwaruze krenki, na usukume pistoni itoke juu kwa mpini wa nyundo wa mbao huku mkono wa pili ukiipokea. Rudisha kifuniko kwenye konrodi yake papo hapo.

Metali hizi, yaani zile nusu duara nyembamba zinazokumbatia krenki, ndizo shahidi mkuu wa maisha ya injini. Rangi ya kijivu iliyofifia sawasawa ni uchakavu wa haki. Rangi ya shaba inapojitokeza, tabaka la juu limekwisha. Mikwaruzo mirefu hutokana na uchafu ulioingia pamoja na oili. Metali iliyolika ukingo mmoja tu inatia shaka kwamba konrodi imepinda, na konrodi hiyo ni lazima ikaguliwe. Soma pia mgongo wa metali, kwa kuwa ukikuta umeandikwa 0.25 au 0.50, krenki ilishachongwa zamani, na nafasi ya kuichonga tena imepungua.

Mwishoni inatoka krenki. Pima kwanza kusogea kwake mbele na nyuma. Kikomo ni milimita 0.30, na kinachozuia kusogea huko ni vijisahani vya nusu duara vilivyo kwenye beringi ya kati, namba 3. Vifuniko vitano vya meini, yaani beringi kuu zinazoshika krenki kwenye bloku, vina namba na mishale. Legeza bolti kuanzia pembeni, kwa zamu, kisha inua krenki wima kwa mikono miwili. Isimamishwe kwenye kona ya ukuta ikiwa imefungwa kwa kamba, isilazwe sakafuni kwa miezi.

Vipimo na uamuzi

Tundu la silinda la 5A-FE huanza likiwa na milimita 78.7. Kila silinda ipimwe katika vimo vitatu, juu, katikati na chini, na katika pande mbili zinazokatizana, kwa sababu silinda hulika zaidi upande ambao pistoni huegemea. Uchakavu ukikaribia milimita 0.2 juu ya kipimo cha awali, ringi mpya hazitasaidia. Dawa ni kutoboa na kuweka pistoni za ovasaizi. Shingo za krenki zikiwa zimepoteza uduara kwa zaidi ya milimita 0.02, zichongwe.

Uamuzi wangu katika jambo hili ni mkali kidogo. Bloku yenye ufa, au iliyokwisha kufikia ovasaizi ya mwisho inayopatikana dukani, iachwe, hata kama umeshaipenda. Injini inayohitaji kutobolewa, kuchongwa krenki na kuskimiwa hedi kwa pamoja inafaa tu kama unajifunza au kama gari lina thamani kwako. Vinginevyo linganisha kwanza gharama hizo na bei ya injini nyingine ya mtumba, ukikumbuka kwamba hiyo nayo hujui ndani yake.

Ukiamua kuendelea, nunua pistoni kabla ya kutoboa bloku, si baada yake. Fundi mzuri wa kuchonga huzipima pistoni zenyewe kisha hutoboa kila silinda kulingana na pistoni yake, na anayekubali kutoboa bila kuziona usimpe bloku. Metali vilevile ziagizwe baada ya krenki kurudi ikiwa na kipimo kilichoandikwa. Mpe orodha iliyoandikwa: kutoboa, kuchonga, kuskimu, kukagua nyufa na kuosha njia za oili. Bloku ikirudi, isugue matundu kwa maji ya moto na sabuni hadi kitambaa cheupe kitoke safi, ikaushe, uipake oili papo hapo kabla kutu haijaanza, na uifunge katika mfuko mzito wa plastiki hadi siku ya kuifunga injini.